Kuchora Vitu kwa Chaki za Rangi na Pasteli za Mafuta

Anayejifunza kuchora hupata taabu akianza na watu au mifugo, kwa kuwa hawatulii. Chungu, embe na sufuria havina haraka. Basi vitu hivyo vitatu vyatosha kuwa somo la kwanza, mradi viwekwe karibu na dirisha moja, mwanga utoke upande mmoja na kivuli kiangukie upande wa pili.

Vijiti vya rangi ni vya namna mbili. Chaki ya mchoraji, ambayo si ile ya ubaoni, ni unga wa rangi uliofungwa kwa gundi kidogo tu, ndiyo sababu huenea upesi ikisuguliwa kwa kidole. Pasteli ya mafuta hufungwa kwa nta na mafuta yasiyokauka. Hii si ya zamani sana: kampuni ya Sakura ya Japani iliitoa mwaka 1925, na mwaka 1949 duka la Sennelier la Paris likatengeneza nyingine iliyo laini zaidi kwa ajili ya mchoraji Picasso.

Chungu chafaa chaki, kwa maana udongo hauna mng'ao. Embe na sufuria vyataka mafuta. Atakayetumia zote mbili katika karatasi moja na amalize chaki kwanza, kwani chaki haishiki juu ya nta. Karatasi nzuri ni ile yenye mkwaruzo. Hata ya kaki ya kufungia vifurushi yafaa kwa mazoezi, na wekundu wake huwa tayari ni nusu ya rangi ya chungu.

Kosa la wengi ni kutia kivuli kwa rangi nyeusi, na picha hufa papo hapo. Kivuli kikitazamwa vizuri huonekana kina buluu au zambarau. Tena sufuria iliyosuguliwa karibu haina rangi yake yenyewe: ubavuni mwake mna umanjano wa embe lililo jirani. Nukta nyeupe ya mwanga hutiwa mwisho kabisa.

Vumbi la chaki lisipulizwe kwa mdomo, maana rangi nyingine zina sumu. Karatasi ikung'utwe nje. Picha ya chaki hufutika kwa kuguswa, nayo ya mafuta haikauki kabisa hata miaka ikipita. Zote mbili zawekwa nyuma ya kioo kisichozigusa.