Swichi Nyingi Kufanya Kazi Kama Moja

Tumeulizwa mara nyingi kuhusu hizi swichi zilizopangwa moja juu ya nyingine kabatini, na kwa nini wakati mmoja kituo chetu kilikaa siku tatu bila kazi. Leo tutasema yote, hata aibu yetu.

Swichi hii si ile ya kuwashia taa. Ni sanduku lenye matundu, na kila kompyuta huleta waya wake hapo ili ziweze kuongea. Moja yenye matundu 24 inatosha kituo kidogo. Kama mna kompyuta kumi, msikubali fundi awauzie mbili. Hizo pesa nunueni mbuzi. Sisi tulikuwa na darasa, ofisi ya akiba na zahanati, na nyaya zikapita hamsini.

Swichi tatu zaweza kuunganishwa kwa waya wa kawaida, lakini kila moja itabaki na mipango yake na neno lake la siri. Aina tuliyonunua, Cisco Catalyst 3750, ina matundu mawili maalum mgongoni ya kuziunganisha. Ilianza kuuzwa 2003 na haitengenezwi tena, ndiyo maana twaipata kwa bei ya mtumba. Unaweza kuunganisha hadi tisa zikawa kama swichi moja.

Nyaya za mgongoni zifanye mduara: ya kwanza kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu, na ya tatu irudi kwa ya kwanza. Wengine huuacha huo wa mwisho wakiona hauna kazi. Mduara ukiwa kamili, waya mmoja ukikatika kazi yaendelea, ingawa njia hupungua nusu. Zikikatika mbili, kundi hugawanyika, na pande zote mbili hudai anwani ile ile. Si mnajua kikundi kikigawanyika na kila upande una muhuri?

Tena swichi hizi zina mwenyekiti. Kila moja ina cheo, kuanzia 1 hadi 15, na kutoka kiwandani zote huwa na 1. Mkiziacha hivyo, zitajichagulia mwenyekiti msiyemtaka. Sisi tuliipa moja 15 na ya pili 14, ili mwenyekiti akizimika naibu ashike kazi. Ule waya wa kuleta intaneti tuliufanya kuwa miwili, kila mmoja katika swichi yake.

Sasa ile aibu. Tulinunua swichi ya nne iliyotumika mahali pengine. Tukafuta mipango yake ya zamani, tukadhani imekuwa mpya. Kumbe cheo hakifutiki pamoja na mipango, na yetu ilikuwa bado na 15. Tukaiwasha kwanza, halafu tukaichomeka kundini ikiwaka. Hapo wenyeviti wawili walikutana na wakashindana. Mgeni akashinda. Swichi zetu tatu zikajizima, zikawaka upya zikiwa chini yake, na yeye hakuwa na mpango wowote kichwani! Zahanati haikuweza kufungua kadi za wagonjwa, ofisi ya akiba ikarudi kwa daftari. Na sisi hatukuwa tumeweka nakala ya mipango. Fundi alikaa siku tatu akiandika upya, na tulimlipa kwa pesa tulizotenga za paa.

Njia yenyewe ni hii. Kabla ya yote, hakikisheni programu ndani ya swichi mpya ni toleo sawa na la zile nyingine, la sivyo kundi litaikataa. Iwasheni peke yake mbali na kundi, mkaandike amri ya show switch ili mwone cheo chake, mkishushe hadi 1. Halafu izimeni kabisa, chomoeni stima. Fungueni mduara mahali pamoja tu, mwunganishe mgeni, mfunge mduara tena. Ndipo mwashe. Mwenyekiti aliye kazini haondolewi na mgeni anayewaka baadaye.

Siku hizi hii ya nne iko hapo chini kabisa, ina karatasi imebandikwa: namba 4, cheo 1. Nakala ya mipango iko katika faili la katibu, na nyingine anayo mweka hazina nyumbani kwake. Wanaotaka kuona nyaya za mgongoni wapite kabatini wawili wawili, nafasi ni ndogo.