KOFIA NGUMU NA BAISKELI: TUANZE NA LIPI?

(Hotuba ya walimu iliyosomwa katika maadhimisho ya Siku ya Baiskeli Duniani, Juni 3)



Sisi walimu tumepewa nafasi ya kusema machache siku hii, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018. Tumechagua kuzungumzia pendekezo lililo mbele ya Kamati: kwamba atakayepanda baiskeli kambini bila kofia ngumu anyang'anywe baiskeli hiyo.

Hatulipuuzi. Muhula uliopita tulimbeba mwanafunzi wetu wa darasa la tano mpaka zahanati. Alianguka kwenye mteremko, breki zikiwa zimekwisha, akagonga kichwa kwenye jiwe. Alikaa siku mbili bila kututambua. Leo yupo darasani, tunamshukuru Mungu, lakini kusoma ubaoni kunamchosha upesi. Ndani ya kofia ngumu mna povu linalobonyea na kumeza mshindo ambao ungeingia kichwani. Mwaka 2016 wataalamu walikusanya tafiti 40 zilizohusu waendesha baiskeli zaidi ya 64,000 walioumia. Kwa waliovaa kofia, uwezekano wa kuumia vibaya kichwani ulikuwa mdogo kwa karibu asilimia 70. Kofia inafaa, hapo hatuna ubishi.

Swali ni amri. Jimbo la Victoria nchini Australia ndilo lililotangulia duniani kuwalazimisha waendesha baiskeli wote kuvaa kofia, tarehe 1 Julai 1990. Wavaaji walipanda kutoka asilimia 31 mwezi Machi 1990 hadi asilimia 75 mwezi Machi 1991. Madai ya bima kwa waliokufa au kulazwa kwa majeraha ya kichwa yalipungua kwa asilimia 48 mwaka wa kwanza. Lakini katika mji wa Melbourne, watoto walipunguza kupanda baiskeli kwa asilimia 36 mwaka huo huo. Kwa hiyo sehemu ya majeraha yaliyopungua ni ya watoto walioiacha baiskeli nyumbani, na wataalamu wanabishana hadi leo ni kiasi gani.

Tena tusisahau: Victoria haikuanza na adhabu. Kwa miaka kadhaa kabla ya sheria walifundisha mashuleni, na serikali ikawarudishia wanunuzi sehemu ya bei ya kofia.

Mfano wa pili ni Marekani, katika wilaya ya King, ulipo mji wa Seattle. Huko sheria ya kofia ilifutwa mwaka 2022, baada ya kuonekana kwamba polisi waliwatoza faini zaidi watu weusi na wasio na makazi. Sheria ilikusudiwa kulinda vichwa, ikaishia kuwabana wanyonge.

Ndugu zetu, hapa kwetu mnyonge ni nani? Ni kijana anayebeba magunia ya watu siku ya mgao ili apate ya sabuni. Ni baba anayempakia mkewe mjamzito usiku kwenda zahanati. Kofia hana, na sokoni hazipo. Tukimnyang'anya baiskeli hatujalinda kichwa chake. Tumemwondolea miguu, na mgonjwa wake atachelewa.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne. Kwanza, mashirika yatusaidie kupata kofia zinazokaa vizuri, tukianza na watoto na wabeba abiria. Pili, sisi walimu tutafundisha kuzivaa: mkanda ufungwe kidevuni, na kofia iliyokwisha kupata kishindo kikubwa isitumike tena. Tatu, mafundi wetu wapewe raba za breki, na ule mteremko wa shule utengenezwe, maana kofia haizuii mtu kuanguka. Nne, kofia zikishaenea, Kamati itunge kanuni, na adhabu yake iwe onyo na mafunzo, si kunyang'anya.

Mwanafunzi wetu alituuliza kama ataruhusiwa kupanda tena. Tulimjibu: utapanda, siku tutakapokupatia kofia. Tusaidieni tusiwe waongo mbele yake.