Habari za Mautuma Zilizowekwa Mbali

Mazungumzo kwa watu wa Mautuma



Mjukuu akimwuliza babu yake, "Kabla hamjafika hapa, palikuwa na nini?" babu humjibu yale aliyoyaona mwenyewe. Lakini wazee waliopewa mashamba hapa katika miaka ya 1960, mashamba ya Wazungu yaliponunuliwa na kugawanywa, wanazidi kupungua. Kwa hiyo yafaa kila mtu ajue kwamba ziko nyumba zinazotunza habari za zamani, na kwamba mtu wa kawaida aweza kuziuliza kwa barua.

Nyumba moja iko London, nayo ni ya Chama cha Kifalme cha Jiografia, kilichoanzishwa mwaka 1830. Hazina yake ina vitu zaidi ya milioni 2: ramani, picha, vitabu na maandishi ya wasafiri. Chumba chake cha kusomea kilifunguliwa mwaka 2004.

Je, hayo yaihusu nini Mautuma? Mwaka 1883 Chama hicho kilimtuma Joseph Thomson atafute njia ya kutoka pwani mpaka Ziwa Nyanza kupitia nchi ya Wamasai. Alivuka nyanda za Uasin Gishu, akateremka Kabras, akafika Mumias, ambako siku zile paliitwa Kwa Sundu. Hao ni majirani wa Mautuma. Lakini Thomson alikuwa mgeni katika njia hiyo. Aliandamana na Jumbe Kimameta, mfanya biashara ya pembe kutoka Pangani, aliyekwisha kuzoea safari za bara. Mwaka 2009 Chama chenyewe kilifanya maonyesho ya kuwakumbuka viongozi wa misafara, wapagazi na wakalimani, ambao majina yao hayakuandikwa juu ya ramani.

Mwenye kutaka kuuliza na aandike mambo manne. Kwanza, ataje mahali, pamoja na mito na vilima vya karibu, maana jina la Mautuma huenda lisionekane katika ramani za kale. Pili, ataje miaka anayoitaka. Tatu, aulize jambo moja tu. Nne, aeleze analolijua tayari. Anayeandika, "Nipeni habari zote za Mautuma," hasaidiki kwa urahisi. Anayeandika, "Je, iko ramani ya kati ya 1883 na 1910 ionyeshayo nchi iliyo baina ya Kabras na Uasin Gishu?" humpa mtunzaji kazi anayoiweza. Tena aulize mapema masharti ya kusoma na gharama ya nakala.

Hata hivyo, ni vema kuanza karibu. Nyaraka za Taifa, zilizo Nairobi na kuanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, zina taarifa za maofisa wa wilaya wa zamani. Ramani za upimaji huulizwa kwa Idara ya Upimaji, na habari za hati ya shamba kwa msajili wa ardhi.

Liko jambo moja la kuangaliwa sana. Watu wa Lugari hawajasahau mwaka 1992, wala mwanzo wa mwaka 2008, jirani alipomkimbia jirani na familia zikalala kambini. Ramani ya msafiri aliyepita siku chache haisemi nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Ni ushahidi wa aliyoyaona na aliyoambiwa, basi. Mwenye kuitumia kumfukuza mwenzake ameisoma vibaya. Haina budi kusomwa pamoja na maneno ya wazee wa makabila yote.

Basi, kazi ya kwanza si barua ya London. Kijana na achukue daftari, aende kwa mzee, aandike majina ya vijito, miti na njia kama mzee anavyoyakumbuka. Kisha ndipo aandike barua. Ramani iliyohifadhiwa itamngoja, lakini mzee hatamngoja siku zote.