Yubile ni Kumfungua Aliyefungwa
Maneno waliyoambiwa Wakristo na walimu katika sikukuu ya Yubile



Neno hili Yubile twalitaja sana siku hizi. Yafaa tujue maana yake. Katika kitabu cha Walawi, mlango wa 25, Waisraeli waliamriwa kuutakasa mwaka wa 50. Baragumu ilipigwa, mashamba yakarudi kwa wenyewe, na mtu aliyejiuza kwa ajili ya umaskini akaenda kwa jamaa zake. Basi Yubile si karamu tu. Ni siku ya kumfungua aliyefungwa.

Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alikubali mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Siku ya Noeli ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa Mkunazini, Unguja, mahali pale pale pa soko. Askofu Steere ndiye aliyelijenga, na alipofariki mwaka 1882 alizikwa nyuma ya altare. Lakini angalieni: soko lilifungwa, utumwa haukwisha. Sheria ya kuuondoa Unguja ilitoka mwaka 1897, na masuria waliachwa nje yake mpaka 1909. Tanganyika ilingoja mpaka 1922. Kumbe mtu aweza kusali penye soko la zamani, asimwone mtumwa aliye mlangoni.

Askofu Frank Weston wa Unguja alimwona. Mwaka 1919 serikali ya Kenya ilitoa waraka wa kuwataka maofisa na wakuu wa wenyeji wawahimize watu waende kazini katika mashamba ya walowezi. Ilisemwa kwamba huko ni kuhimiza, si kulazimisha. Lakini himizo la mwenye nguvu kwa mnyonge ni amri. Mwaka 1920 Askofu aliandika kijitabu cha kuishitaki serikali ya taifa lake mwenyewe. Wengine nao walipaza sauti, na mwaka 1921 agizo likatoka London kwamba maofisa wasiwatafutie walowezi wafanya kazi.

Na sisi je? Wako watoto watolewao vijijini kwa ahadi ya kusomeshwa mjini, kisha wakawa watumishi wa nyumba pasipo shule wala mshahara. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Lakini askari haingii kila jikoni. Mkristo ndiye aliyemo jikoni mwake. Mwenye nyumba, kabla hujaikaribia Meza ya Bwana, jiulize kama umemlipa aliyekupikia. Mzazi, usimtoe mwanao kwa ahadi tupu. Nawe mwalimu, jina likikosa kuitikia darasani siku tatu, usilipige mstari tu. Nenda kaulize mtoto yuko wapi.

Tukifanya hivyo, baragumu ya Yubile itasikiwa hata na wasioweza kuja kanisani kwa sababu ya kazi zetu. Mungu atupe macho ya kuwaona na moyo wa kuwafungua. Amina.