Kisima ni cha Wote, Kamba ni ya Nani?

Mada kuhusu Linux na programu huria, iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya futari



Baada ya kumshukuru Allah (s.w.t.) na kumsalia Mtume wetu (s.a.w.), nawashukuru viongozi wa jumuiya kwa kunipa nafasi hii, ingawa wamenipa nusu saa tu kabla ya tarawehe na mada yenyewe ni pana. Wazee wetu mliokuja na watoto, msiogope, nitajitahidi nisiseme lugha ya mitambo.

Nimeombwa nizungumze kuhusu Linux kwa sababu ya zile kompyuta sita tulizopewa. Kamati imegawanyika. Wako wanaosema tuweke Windows ya kunakili kama kila mahali: mtu anakuja na flashi yake, anavunja ufunguo, saa moja haiishi kazi imekwisha. Wako wanaosema tuweke Linux kwa kuwa ni bure. Mimi ni wa upande wa Linux, lakini hilo neno "bure" ndilo linalonitia wasiwasi, na ndilo lililonileta hapa.

Kuhusu ile flashi sitasema mengi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, na upande wa dini masheikh wako hapa, waulizeni wao. Mimi nitaongeza jambo moja tu la kifundi: programu ya kuvunja ufunguo imeandikwa na mtu usiyemjua, nawe unaipa ruhusa ya kufanya lolote ndani ya kompyuta yako. Wengi wenu mnajua virusi vinavyopatikana humo.

Haya, tuje kwenye Linux. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha MIT, alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu ataruhusiwa kuutumia, kuufungua aone umeandikwa vipi, kuubadilisha na kumpa jirani yake. Akauita GNU. Kisha tarehe 25 Agosti 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki kule Finland, Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, yaani rika la wengi waliokaa hapa, akatangaza kuwa anaandika kiini cha mfumo wa kompyuta kwa kujifurahisha tu na kwamba hakitakuwa kitu kikubwa. Mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GPL, ile ya Stallman. Leo kiini hicho kimo ndani ya kila simu ya Android iliyomo mifukoni mwenu, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizo katika orodha ya zile zenye nguvu zaidi duniani zinatumia Linux. Hicho ndicho kisichokuwa kitu kikubwa!

Hapa Kiswahili kimetusaidia kuliko Kiingereza. Wenzetu wana neno moja linalobeba maana ya bure na maana ya huru, basi miaka yote wanaelezana tofauti. Sisi tunasema programu huria, na yamekwisha. Huria si bei. Unaweza kuiuza ukitaka. Linalokatazwa na leseni ya GPL ni kuichukua, kuibadilisha, kisha kuwapa watu huku umewafungia ndani wasione ulichofanya. Mimi huwaeleza wenzangu kwa mfano wa kisima cha wakfu. Sisemi kuwa ni wakfu kisheria, nisije nikashikwa na masheikh hapo mlangoni, nasema mfano. Kila mtu atateka maji, tajiri na maskini, na wala hakuna atakayekuja kesho akakizungushia ukuta akasema ni changu. Lakini kisima kina kamba, na kamba hukatika. Nani anainunua mpya? Hapo ndipo watu hunyamaza.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mtu yeyote popote akiona kasoro anaandika marekebisho, wenyewe wanayaita kiraka, anayatuma. Kiraka hupokewa na mtunzaji wa programu ile, anakikagua, anakirudisha kama hakikuridhisha, au anakikubali. Katika Linux, tangu mwaka 2004, kila aliyekiandika au kukipitisha kiraka huweka jina lake chini yake kuwa anakidhamini. Tuliosoma chuoni tunaijua habari hii: fulani amepokea kwa fulani, naye kwa fulani. Niliposoma mara ya kwanza orodha ya majina chini ya kiraka nilicheka peke yangu, nikasema hii si isnadi hii?

Na jambo linalonipendeza zaidi ni kwamba hawakuulizi wewe mtoto wa nani. Hawataki shahada. Kijana wa Kisauni au wa Garissa akituma kiraka kizuri kitaingia, na jina lake litabaki mle. Sisemi mlango hauna bawabu kabisa. Julai 2019 GitHub, ghala kubwa la programu linalomilikiwa na Microsoft, liliwafungia baadhi ya huduma watumiaji wa Iran na Syria kwa ajili ya vikwazo vya Marekani. Programu ni huria, ghala lina mwenyewe. Na wala msidhani wote ni watu wa kujitolea: sehemu kubwa ya Linux yenyewe siku hizi huandikwa na watu wanaolipwa mishahara na makampuni kama Intel, Google na Red Hat. Shida haiko huko juu. Iko kwenye vile vijiprogramu vidogo vidogo vilivyo chini, ambavyo kila kitu kimejengwa juu yake na hakuna anayevijua kwa jina.

Kimoja kinaitwa xz. Kazi yake ni kubana mafaili yawe madogo, basi. Kimo katika karibu kila mfumo wa Linux. Kwa miaka mingi mtunzaji wake alikuwa mtu mmoja wa Finland, Lasse Collin, bila malipo. Mwaka 2021 akatokea mtu anayejiita Jia Tan, akaanza kutuma viraka, vizuri tu, kwa adabu. Mwaka 2022 wakatokea wengine, majina mapya yasiyojulikana, wakaanza kumlaumu mzee wa watu: mbona kazi inakwenda polepole, mbona hujibu, mpe mtu mwingine. Akawajibu hadharani kuwa afya yake ya akili imekuwa ikimsumbua kwa muda mrefu, na kuwakumbusha kwamba hii ni kazi asiyolipwa. Hawakumwonea huruma. Mwishowe Jia Tan, yule mpole aliyekuwa akisaidia, akapewa mamlaka ya utunzaji pamoja naye.

Februari 2024 likatoka toleo jipya, na ndani yake Jia Tan alikuwa ameficha mlango wa nyuma. Katika mifumo kadhaa ya Linux, mlango ule ungempa mwenye ufunguo wake uwezo wa kuingia kwenye seva za watu kutoka mbali bila neno la siri. Mnafahamu maana yake? Mabenki, mahospitali, maofisi ya serikali. Ulikuwa umeshaingia katika matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora, na safari ya kuelekea matoleo ya kawaida imeanza.

Tulikuwa ndani ya Ramadhan. Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2024 mhandisi mmoja, Andres Freund, anayefanya kazi Microsoft na ambaye ni mmoja wa waandishi wa hifadhidata ya PostgreSQL, akatoa taarifa. Alikuwa akipima mambo yake mengine kabisa, akaona kuingia kwenye kompyuta kunachelewa kwa kiasi cha nusu sekunde. Nusu sekunde! Mwingine angesema mtandao leo mzito, akaendelea. Yeye akafukua mpaka akaufikia ule mlango. Aliyejiita Jia Tan akatoweka, na hakuna aliyejitokeza hadharani kuthibitisha alikuwa nani.

Ndugu zangu, mimi kisa hiki kimenikaa moyoni kuliko habari yoyote ya kompyuta niliyoisoma. Wanafunzi wa hadithi mtaniambia: mpokezi alikuwa majhuli. Mnyororo ulikuwa umekamilika, kila kiraka kina mwenyewe, lakini katikati yupo mtu ambaye hakuna aliyewahi kumjua. Kweli. Ila tukisema basi asipokewe asiyejulikana, sisi tumejifungia nje wenyewe, kwa sababu huko duniani majhuli ni sisi. Yule kijana wa Kisauni nani anamjua? Mlango alioingilia Jia Tan ndio huo huo tutakaoingilia. Kwa hiyo mimi kosa silioni mlangoni. Nalitafuta pale ambapo makampuni ya mabilioni yalikuwa yakiteka maji kila siku na mshika kamba ni mgonjwa mmoja, na badala ya kupokezwa, anafokewa.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Aprili 2014 iligunduliwa kasoro kubwa, iliyopewa jina la Heartbleed, ndani ya OpenSSL, programu iliyokuwa ikilinda siri za sehemu kubwa ya tovuti duniani. Watu walipouliza nani anaitunza, ikajulikana kuwa michango yake ilikuwa kiasi cha dola 2,000 kwa mwaka. Baada ya hapo makampuni yalichanga. Baada ya hapo.

Na huko kufokeana nako kumekuwa ada mbaya ya jamii hii. Torvalds mwenyewe kwa miaka mingi alikuwa akiwatolea watu maneno makali mbele ya kila mtu, na kuna vijana waliomwiga wakidhani ukali ndio ufundi. Septemba 2018 aliomba radhi, akapumzika kwa wiki kadhaa, na mradi ukapata kanuni za maadili. Wapo waliozikejeli. Mimi naona zilichelewa: ukimtukana mgeni kwa kiraka chake cha kwanza, hatakuja na cha pili, na wewe utabaki na kamba yako peke yako.

Sasa sisi. Msinitazame hivyo, lazima tufike hapa. Oktoba 2020, katika tamasha la kila mwaka la kuwahimiza watu wachangie programu huria, zawadi ilikuwa fulana. Watunzaji wakafurikiwa na viraka vya upuuzi kwa maelfu, mtu kaongeza neno moja lisilo na maana kwenye maelezo ili ahesabiwe apate fulana yake. Ikabidi masharti yabadilishwe tamasha likiendelea. Na tangu 2024 Daniel Stenberg wa Sweden, mtunzaji wa programu iitwayo curl, amekuwa akilalamika kuhusu ripoti za kasoro zilizoandikwa na akili bandia, kasoro ambazo hazipo, anapoteza masaa kuzisoma. Kuna mwanafunzi mwenzangu aliyeniambia kuwa hiyo ndiyo njia ya haraka ya kujaza wasifu wa kutafutia kazi. Huko si kuchangia, ni kumwongezea mchanga aliyebeba gunia.

Wala tusijidharau. OpenMRS, mfumo wa kutunza rekodi za wagonjwa, ulianza mwaka 2004 kutokana na kazi ya kutibu wagonjwa wa Ukimwi kule Eldoret, na umetumika katika nchi nyingi. Ushahidi ilitengenezwa na Wakenya Januari 2008, katika zile siku ngumu tunazozikumbuka, ikawa programu huria, na dunia ikaitumia. Na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, wakati wengi tukiamini kompyuta haiwezi kusema Kiswahili.

Basi rai yangu kwa kamati ni hii. Zile kompyuta tuweke Linux Mint, ni nyepesi na inafanana na mliyoizoea. Nasema wazi mapema, kutakuwa na usumbufu. Printa inaweza kugoma. Hati zilizoandikwa kwa Word nyingine zitafunguka mistari imeruka, na kuna programu za uhasibu ambazo wanafunzi wa biashara wanazihitaji zisizokuwemo kabisa. Wasije wakasema hawakuambiwa. Lakini kila kitakachogoma tutakiandika vizuri: kompyuta gani, toleo gani, ulibonyeza nini, kikatokea nini. Tutatafuta kwanza kama mwingine ameshasema, na kama bado, tutampelekea mtunzaji kwa adabu. Ripoti moja safi namna hiyo ni msaada mkubwa kuliko viraka kumi vya fulana. Na zile pesa ambazo tungempa mtu wa flashi, mimi ningependekeza tutume japo kidogo kwa mradi mmoja tutakaouchagua pamoja.

Tunaanza Jumamosi baada ya Asri, wawili wawili kwa kila kompyuta, na dada zetu wana kompyuta zao tatu, asiziguse mtu. Wasiopenda mitambo waje na kamusi, kwa sababu tafsiri ya Kiswahili ya programu nyingi ina mapengo na hiyo ni kazi ya anayejua lugha. Mabishano yenyewe yameshaanza. Faili tumekubaliana kuwa ni faili, lakini kile kinachobeba mafaili wengine wanasema folda, wengine kabrasha, na Maalim wetu tangu jana ameshikilia kwamba ni mkoba.

Wabillahi tawfiq.