Uvungu wa Nyumba na Dawa ya Povu

(Maneno aliyoyasema mwanachama wetu mmoja wa Reli, fundi seremala, alipokuwa likizoni kwao Tabaka. Yamepigwa chapa hapa kwa kuwa wengi waliyaomba.)



Nashukuru kupewa nafasi hii. Mimi si mtu wa hotuba. Masomo yangu yaliishia shule ya msingi ya misheni, na kazi yangu ni useremala katika kikosi cha kutengeneza majumba ya Reli. Nitasema niliyoyaona kwa macho na kuyashika kwa mikono, na nikikosea fundi mwenzangu anisahihishe.

Jambo lenyewe limeanzia nyumbani kwetu. Kaka yangu mkubwa amejenga nyumba ya mbao juu ya nguzo, pale mteremkoni mnapopita mkienda machimbo ya mawe. Nyumba nyingi za hapa kwetu zimekaa chini, sakafu yake ni udongo uliopigwa au saruji. Lakini ya kaka ina uvungu. Nikisema uvungu nina maana ya ile nafasi iliyo kati ya mbao za sakafu na ardhi, ambapo mtu hupita kwa kutambaa. Upande wa nyuma uvungu huo ni mdogo kuliko wa kitanda. Upande wa mbele nguzo zanifika kifuani.

Basi wakati wa mvua za masika baridi hupanda kwa chini. Upepo hupita kati ya mbao, watoto hukohoa, na kwenye pembe ya nyuma ukuta una madoa ya kuvu. Mtoto wa dada yetu yuko Minnesota, Marekani, ambako Abagusii ni wengi. Akatuma habari: “Mjomba, huku watu hupuliza povu chini ya nyumba na baridi hukoma.” Kaka akamtafuta kontrakta, akatajiwa bei iliyozidi mshahara wangu wa miezi mitano. Akaniita nimsaidie kukopa. Nikamwambia, kaka, ngoja kwanza nitazame.

Nilivaa nguo kuukuu, nikashika tochi, nikalala chali nikaingia. Ndugu zangu, chini ya nyumba ile udongo ulikuwa kama wa mfyatua matofali. Maji ya mlimani yalikuwa yakipita kati ya nguzo yakienda zake, na mferiji wa bafu ulikuwa umepasuka ukidondosha maji usiku na mchana. Boriti mbili za nyuma nilizichoma kwa bisibisi ikaingia kama kwenye ndizi iliyoiva. Sasa niulizeni: povu lingefanya nini hapo?

Nitawaelezeni povu lenyewe ni kitu gani, maana si kitu kibaya kwa asili yake. Mjerumani Otto Bayer na wenzake waligundua njia ya kulitengeneza mwaka 1937, na jina lake ni poliyurethani. Hata friji iliyo dukani ina povu la jamii hiyo ndani ya mbavu zake, na vyumba vya baridi vya maua na samaki pia. Dawa yake huja katika mapipa mawili. La kwanza lina isosianati, na la pili lina kitu kizito kama mafuta kilichochanganywa na dawa nyingine. Mashine huzipasha moto na kuzisukuma kwa mipira mpaka kwenye bunduki ya kupulizia, na hapo hukutana. Zikikutana huchemka zenyewe, huumuka kama unga wa mandazi, na mara huganda. Povu laini huumuka kama mara 100, na povu gumu kama mara 30. Lile gumu lina vitundu vilivyofungwa pande zote, kwa hiyo joto halipiti upesi na maji pia hayapiti. Ndilo watu wa kule hupenda kuweka uvunguni.

Hapo ndipo penye hatari kwa nyumba kama ya kaka. Likipulizwa juu ya boriti iliyolowa, maji yaliyomo ndani ya mti hayapati njia ya kutoka. Utaona sakafu kavu na yenye joto, utafurahi, na chini yake mti waoza polepole pasipo mtu kuuona. Siku moja mguu wa kitanda utashuka peke yake.

Na mchwa je? Wale waliojenga Reli ya Uganda, iliyofika Kisumu mwaka 1901, walijenga nyumba nyingi za mbao na mabati juu ya nguzo, na bado nyingine zimesimama. Walikuwa na sababu. Waliacha upepo upite chini ili mbao zikauke, na juu ya nguzo waliweka kofia ya bati iliyochomoza pembeni. Mchwa akitaka kupanda hulazimika kujenga njia yake ya udongo nje ya bati, ambapo fundi huiona akaivunja. Nimevunja njia hizo mara nyingi, ni kazi ya dakika moja. Ukifunika kofia ile kwa povu, mchwa hawali povu, lakini hulitoboa na kupita ndani yake kama treni ndani ya tanuri la mlimani, na wewe huoni kitu. Wamarekani wenyewe wanajua haya: kanuni zao za ujenzi, kwa sehemu zenye mchwa wengi mno, hukataza povu kufukiwa ardhini penye nyumba. Mtoto wa dada yetu hakutudanganya. Kule aliko baridi ya ardhi huganda maji kuwa mawe, na mchwa si taabu yao kubwa. Dawa ya kule haifai kuletwa huku bila kuulizwa maswali.

Tena kuna moto. Povu likishika moto hutoa moshi mzito wenye sumu, ndani yake mna sianidi, na mtu huanguka kabla ya ndimi kumfikia. Kwa hiyo penye watu yapasa lifunikwe kwa ubao usioshika moto upesi.

Na jambo hili akina mama nawaomba mlisikilize sana. Mwezi wa saba jiko la makaa huingizwa ndani ili watoto wapate joto. Nyumba yenye nyufa hutoa hewa ile mbaya ya makaa, ingawa si yote, na hata hivyo kila mwaka twasikia watu waliolala wasiamke. Sasa wewe uzibe kila ufa kwa povu, halafu uingize jiko! Hewa ya makaa haina rangi wala harufu ya kukuamsha. Nyumba ikizibwa, jiko lisilo na bomba la moshi lisilale ndani hata siku moja.

Nakuja sasa kwa neno lililonifanya nikubali kusimama hapa, maana nyumba ni mali, lakini pafu halinunuliwi.

Kabla sijaandikwa Reli nilikuwa kibarua kwa kontrakta mmoja, jina sitalitaja. Tulikuwa tukipuliza povu ndani ya ghala. Sisi vibarua tulipewa kitambaa cha kufunga puani, kile cha vumbi, na miwani moja kwa watu wanne. Mwenzangu mmoja, kijana mwenye nguvu kuliko mimi, ndiye aliyeshika bunduki. Wiki ya tatu alianza kukohoa usiku. Alisema kifua kimefungwa kama kwa kamba. Msimamizi akamwambia ni mafua. Akaendelea siku kadhaa, kisha hakuweza. Leo hii, miaka mingi imepita, akipita karibu na gereji wanapopuliza rangi ya magari, kifua humbana hapo hapo, maana rangi nyingine za magari zina isosianati ile ile. Ndivyo dawa hii ilivyo: mwili ukishaikataa mara moja, kiasi kidogo sana chatosha kuleta pumu, na mtu hukosa kazi hiyo maisha yake yote.

Kitambaa hakizuii mvuke huo. Mpulizaji hutakiwa kuvaa kinyago kinacholetewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, glavu, na vazi la mwili mzima, na uvunguni ni zaidi, kwa kuwa hewa haina pa kwenda na mtu hawezi hata kuinuka akimbie. Wenye nyumba nao hutoka, na kwa kawaida huambiwa wasirudi kabla ya saa 24. Kule Ulaya, tangu tarehe 24 Agosti 2023, hakuna mfanyakazi anayeruhusiwa kushika dawa za jamii hiyo zenye nguvu kabla ya kupata mafunzo yake. Sisi hapa Kenya tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga pasipo kumtoza mfanyakazi, na ampe habari za hatari ya kazi anayomtuma. Kwa hiyo ukipewa bunduki ile, kwanza uliza karatasi ya maelezo ya dawa iliyo ndani ya pipa. Ukiambiwa “wewe puliza tu”, mlete neno hilo kwa Katibu siku hiyo hiyo, usingoje kukohoa.

Ninyi wa Tabaka hamhitaji kufundishwa habari za pafu. Mmewaona wachongaji wetu wakitoka chini ya miti jioni, vichwa vyeupe kama wazee wa miaka 90. Akina mama wanaosugua kwa msasa huliweka jiwe ndani ya beseni la maji, na vumbi hubaki majini. Lakini anayekata na kuchonga jiwe kavu hulivuta. Twachekeana kwa ule weupe, nami nimecheka pia. Tungepaswa kufunga pua.

Basi nyumba ya kaka tuliifanyaje? Hatukukopa. Tulichimba mtaro upande wa mlima, kina chake magoti, tukautia kokoto, maji yakageuka kupitia pembeni. Mferiji wa bafu tumebadilisha. Boriti mbili tumezitoa na kutia mpya zilizopakwa dawa ya mchwa. Juu ya udongo wa uvunguni tumetandika karatasi nene ya nailoni nyeusi, vipande vikilaliana futi moja, ili unyevu wa ardhi usipande. Nguzo tumeziacha wazi, na kofia za bati nimezifunga mwenyewe. Nyufa za sakafu tumeziba kwa vipande vya mbao na gundi, upepo mwingi ukakoma. Kisha nikamwonyesha kaka juu: mabati matupu, hakuna dari! Joto lote alilolitafuta chini lilikuwa likitoroka juu. Dari tutaipiga akiuza chai ya mwezi ujao.

Kuvu bado ipo kidogo kwenye ile pembe ya nyuma, sitawadanganya. Mbao zilizolowa miaka 3 hazikauki kwa wiki 2. Nitaingia tena kuzichoma kwa bisibisi nikirudi likizo, na zikiwa kavu kabisa na kaka bado aona baridi, hapo ndipo tutazungumza habari ya kuweka kitu chini ya sakafu, naye mpulizaji aje na kinyago chake.

Nimesikia kuna vijana 2 wa hapa walioitwa Kisumu kwa kazi ya kupuliza mwisho wa mwezi huu. Wakiwa hapa ukumbini, nawaomba tuonane nje kabla sijaondoka. Narudi kazini Jumatatu kwa gari la asubuhi.