Bendera Nusu Mlingoti: Heshima kwa Wanajeshi Waliofariki Kazini

*Mazungumzo kwa wakazi, walimu wakuu na maafisa wa ofisi za umma, Bondo*



Hakuna mkazi wa Bondo asiyejua bendera ya nusu mlingoti. Mnamo Oktoba 2025, Raila Amolo Odinga alipofariki na kuzikwa Kang'o ka Jaramogi, taifa liliomboleza kwa siku 7 na bendera zikateremshwa kote nchini. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, Siaya ilikuwa imemzika mwana wake mwingine, Jenerali Francis Omondi Ogolla, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi. Mazungumzo ya leo yanahusu heshima hiyo ya pili: bendera inayoteremshwa kwa ajili ya mwanajeshi.

Jenerali Ogolla alifariki tarehe 18 Aprili 2024. Alikuwa ametembelea eneo la Bonde la Ufa kaskazini, ambako wanajeshi walikuwa wakisaidia kurudisha usalama na kukarabati shule zilizofungwa kwa sababu ya wizi wa mifugo na mashambulizi. Helikopta yake ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet, muda mfupi baada ya kupaa. Usiku huo Rais alitangaza siku 3 za maombolezo. Bendera ya taifa, bendera za Majeshi ya Ulinzi na bendera ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliamriwa kupepea nusu mlingoti nchini na katika balozi za Kenya ng'ambo. Tarehe 21 Aprili, Jenerali alizikwa kwao Mor, karibu na Ng'iya. Kwa wosia wake, alizikwa mapema na bila jeneza.

Jambo moja lisisahaulike. Helikopta hiyo ilibeba watu 12. Wawili walinusurika, na pamoja na Jenerali walikufa wengine 9, kuanzia brigedia hadi sajenti. Bendera iliyokuwa nusu mlingoti katika ofisi za Siaya haikuwa ya mtu mmoja. Mlingoti hauna ngazi ya vyeo, na bendera ikiteremshwa, kimo chake kwa jenerali ndicho kimo chake kwa sajenti.

Sasa, ni nani anayetoa amri? Bendera ya taifa huwekwa nusu mlingoti kwa tangazo la Rais. Mwalimu mkuu, chifu au msimamizi wa hospitali haiteremshi kwa uamuzi wake, hata kama aliyefariki ni jirani mpendwa. Matumizi ya bendera yanaongozwa na Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, Sura ya 99, na bendera yenyewe ni alama ya taifa chini ya Kifungu cha 9 cha Katiba. Kaunti nazo zinaruhusiwa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kuwa na bendera zao. Hata hivyo, bendera ya taifa ikiwa nusu mlingoti, si heshima bendera nyingine kuachwa ikipepea juu yake.

Namna ya kuiteremsha ina utaratibu, na hapa ndipo makosa hutokea. Asubuhi, bendera hupandishwa kwanza mpaka kileleni, ikakaa kidogo, kisha ikateremshwa polepole hadi nusu. Jioni hupandishwa tena mpaka kileleni ndipo ishushwe kabisa na kukunjwa. Haivutwi moja kwa moja hadi katikati, kwa maana inakotoka ni juu: kwanza taifa linasimama, kisha linainama. Siku za maombolezo zikiisha, bendera irudi kileleni bila kuchelewa. Bendera iliyosahauliwa katikati ya mlingoti kwa wiki nzima haimwombolezi mtu yeyote. Inaonyesha tu kwamba hakuna anayeitazama.

Kabla ya siku kama hiyo kufika, kila ofisi ichunguze mambo matatu. Je, kamba inateleza, au imekwama juu? Je, bendera ni nzima, au jua na upepo wa ziwa vimeifanya matambara? Na ni nani hasa anayehusika kuipandisha na kuishusha, hata siku ya Jumapili? Mtu huyo ajulikane kwa jina.

Kwa mwananchi wa kawaida, wajibu ni mwepesi. Bendera inapopandishwa au kushushwa, simama wima na unyamaze mpaka shughuli iishe. Mwendeshaji wa bodaboda asimame, na mama aliyebeba mzigo asimame. Mtoto akiuliza kwa nini bendera iko katikati, aelezwe ni nani aliyefariki na alikuwa akifanya kazi gani.

Lakini wapo wanajeshi ambao kwao tangazo la siku za maombolezo halitoki. Wakenya waliuawa kambini El Adde, Somalia, tarehe 15 Januari 2016, na Kulbiyow tarehe 27 Januari 2017. Mwanajeshi wa aina hiyo hurudi nyumbani katika jeneza lililofunikwa bendera. Bendera huondolewa kabla ya jeneza kuingia kaburini, na baada ya mazishi familia hubaki na huzuni yake.

Nyanza inafahamu vizuri kusahauliwa kwa namna hiyo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, wanaume wengi wa ukanda huu wa ziwa walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Uingereza, na wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Jina la kikosi chao limebaki katika mitaa ya Kariokor, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam. Sanamu za ukumbusho zilizinduliwa Nairobi mwaka 1928. Lakini wengi wao hawana kaburi linalojulikana, na majina yao yalipotea pamoja na wazee waliowakumbuka.

Hilo lisirudiwe kwa wanajeshi wa leo, na kulizuia hakuhitaji tangazo la Rais. Shule hupandisha bendera Jumatatu na Ijumaa. Katika gwaride lililo karibu na tarehe 14 Oktoba, Siku ya Majeshi ya Ulinzi, au 20 Oktoba, Sikukuu ya Mashujaa, mwalimu anaweza kusoma majina ya wanajeshi wa eneo hilo waliofia kazini, familia zikiridhia, bendera ikiwa kileleni kama kawaida. Chifu na wazee wa vijiji wanaweza kuandika majina hayo, mahali walikozaliwa na mwaka waliofariki, na kuyahifadhi ofisini. Wajane na wazazi waalikwe na wapewe viti vya mbele.

Amri ya nusu mlingoti hutoka mara chache, nayo hudumu siku chache. Siku nyingine zote za mwaka, heshima ya mwanajeshi aliyefariki imo mikononi mwa anayeshika kamba ya bendera na mwa anayetunza majina.